Akaunti kwa Jina la Dada

Naas, 3 Oktoba

Dada Dympna,

Usicheke mwandiko. Mara ya mwisho kushika kalamu nilikuwa nasaini mkataba wa chumba hiki, na hata siku hiyo kinyozi wa chini aliniuliza kama mimi ni daktari.

Tangu jana mezani kwa Mama sina raha. Ulilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: Hession anauza nyumba, anataka euro laki moja na arobaini elfu, nyinyi wapangaji mmepewa nafasi ya kwanza mpaka tarehe 31 Machi, na benki haitakusikiliza bila elfu kumi na nne mkononi. Wewe una sita. Mama alikuwa anakata keki yake ya kuzaliwa, akajifanya hasikii. Miaka arobaini na sita kakaa nyumba ile. Mimi na wewe tumezaliwa humo.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama kawaida yako. Kazi yangu unaijua, ingawa ukiulizwa kanisani unasema kaka yupo kwenye mambo ya kompyuta. Kampuni za kubeti zimenichoka kwa sababu nashinda. Nikitaka kuweka mia mbili, wananijibu kikomo changu ni euro mbili. Mbili, bei ya kikombe cha chai. Limebaki soko la kubadilishana, lile ambalo watu wanabetiana wenyewe kwa wenyewe na kampuni inakula kamisheni tu. Huko nako ukishinda kupita kiasi wanakukata mara mbili. Jina langu limechakaa, Dada. Lako bado jipya.

Wala si kamari. Unamkumbuka Baba kwenye maonyesho ya farasi hapo Ballinasloe? Ananunua jike asubuhi, saa nane mchana kamuuza, mfukoni kuna tofauti, na hajampanda hata mara moja. Mimi nafanya hivyo hivyo. Nanunua bei ya farasi wakati hakuna anayemtaka, naiuza wakati kila mtu anamlilia.

Fungua akaunti kwenye soko hilo kwa jina lako, ukitumia benki yako. Weka elfu sita zako na hizi tatu zangu zilizomo kwenye bahasha ya kahawia niliyoacha nyuma ya saa ya Mama. Kufikia Machi, sita zako zitakuwa kumi na mbili.

Masharti ni mawili. Akaunti usiiguse, nitaiendesha mimi kutoka huku. Na tusipigiane simu wala kutumiana ujumbe juu yake. Jamaa mmoja wa Newbridge alifungiwa akaunti ya mkwewe kwa sababu simu zao ziligundulika zinazungumza. Wewe andika barua. Bahasha ya posta hakuna kompyuta inayoisoma.

Ndugu yako,
Malachy


Ballinasloe, 9 Oktoba

Malachy,

Bahasha nimeiona. Mama aliiona kabla yangu, akauliza kama umeanza kuuza bangi. Nikamwambia ni mchango wako wa mafuta ya kupashia nyumba joto. Akasema, "Malachy? Mafuta?" Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Nimefanya ulivyosema, na sijui kwa nini nimefanya. Hizo elfu sita nimezipata kwa miaka tisa ya kufua mashuka ya hospitali. Nazijua moja moja kama watoto. Jana baada ya kubonyeza kuzituma, nilikwenda nje kung'oa magugu gizani kama mwendawazimu.

Nina swali moja, na nataka jibu la mtu mzima. Huyo farasi akishindwa, je?

Dympna


Naas, 14 Oktoba

Dada,

Jibu la mtu mzima ni hili: farasi yeyote ashinde, sisi tunapata. Huo ndio uzuri wake. Mambo mengine ni hesabu, na hesabu uliniachia mimi tangu darasa la nne.

Kwa kuwa utauliza, anaitwa Bothar Bui. Yumo kwenye mbio ya mwisho ya Ijumaa, kwenye mashindano makubwa ya Cheltenham, tarehe 17 Machi. Leo bei yake ni nane, yaani euro moja inarudi nane, kwa sababu aliumia goti mwaka jana na watu wamemsahau. Mimi nimemwona akikimbia mazoezini. Elfu tisa zote ziko juu yake, nimezigawa kidogo kidogo ili bei isishtuke.

Mbusu Mama. Mwambie mafuta yaja.

Malachy


Ballinasloe, 22 Januari

Malachy,

Nilikupigia simu mara moja tu, Jumapili, nikakuuliza kama kila kitu ni salama. Ukanifokea kama mbwa aliyeingia jikoni, halafu ukabadilisha namba. Sawa. Mimi ni mkubwa wako kwa miaka sita na nilikufunga kamba za viatu, lakini sawa. Sitapiga tena. Nitaandika.

Haya ndiyo niliyotaka kukuambia. Chama cha akiba kimekubali kunikopesha elfu mbili. Kwa hiyo usihangaike kutafuta zaidi: kumi na mbili ulizoniahidi zinatosha. Kumi na mbili na mbili ni kumi na nne, hata mimi naweza kujumlisha. Zikifika kumi na mbili zitoe, tumalize.

Hession alileta watu wawili kutoka Athlone kuangalia nyumba "kwa kujifurahisha tu." Mwanamke alifungua kabati la Mama bila kuomba ruhusa. Mama akamwambia, "Humo kuna soksi zangu, mama, ukitaka nikupimie?" Nilicheka, na baadaye nikalia kidogo chooni.

Benki watataka taarifa za akaunti yangu ya benki za miezi sita katikati ya Machi. Mhusika ni Noreen Cuffe, tulisoma naye.

Dympna


Naas, 6 Machi

Dada,

Barua ya Januari niliipata na nimeielewa, kumi na mbili. Samahani kwa kufoka. Kazi hii inakula mishipa.

Bothar Bui amepona, ameshinda huko Navan, na sasa wote wanamtaka. Bei imeshuka kutoka nane mpaka nne na nusu, na kwenye kazi hii ikishuka ndiyo farasi ana thamani zaidi. Tulichonunua bei ya nyanya sasa kinauzwa bei ya nyama. Tulia. Wiki ijayo nauza, na wewe utaandika jina la Mama juu ya kengele ya mlango.

Malachy


Ballinasloe, Alhamisi, 16 Machi

Malachy,

Nakuandikia mbio mbio maana kesho ni Sikukuu ya Mtakatifu Patrick na posta imefungwa. Barua hii najua haitakufikia kabla ya Jumatatu, lakini simu umenikataza na namba yako sina.

Leo mchana nilikuwa benki. Noreen alifunua taarifa zangu, akafika Oktoba. Kisha akageuza karatasi upande wangu, kidole chake kikiwa kwenye jina la ile kampuni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dympna, unacheza kamari?" Nimeona haya nyingi maishani, lakini ile ya leo imezidi zote. Nikasema nilijaribu mara moja tu. Akasema faili yenye kampuni ya kamari inarudishwa bila kusomwa, ila nikileta uthibitisho kwamba nimejifungia akaunti, atanitetea mwenyewe kwa meneja. Mwisho wa kupeleka ni kesho kutwa.

Basi niliwapigia palepale, nimesimama nje ya benki kwenye mvua. Wakauliza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, na vyote ni vyangu. Kijana akaniambia nikijifungia ni miezi sita na hakuna kurudi nyuma. Nikauliza hela zangu je? Akasema hakuna hata senti iliyo huru, zote ziko kwenye madau yaliyo wazi, yatakaa yalivyo mpaka mbio iishe. Nikamwambia funga.

Sijaharibu kitu, sivyo? Uliniambia farasi yeyote ashinde, sisi tunapata. Kwa hiyo mbio ikiisha kesho zitakuja zenyewe. Wamesema pia watanitumia karatasi zote za akaunti kwa posta.

Mama ananyoosha kola ya gauni lake la kijani la kesho. Ameniomba nikuambie uvae sweta.

Dada yako,
Dympna


Naas, Ijumaa, 17 Machi

Dympna,

Ni wewe. Nimewapigia mara kumi na moja, wanasema mwenye akaunti kaifunga mwenyewe jana saa tisa na robo. Mwenye akaunti! Nilikuomba usiiguse. Kati ya mambo yote duniani, nilikuomba hilo moja.

Ngoja nikueleze ulichofanya, maana inaonekana hujui. Kununua ni nusu ya biashara. Faida inakuja ukishauza. Ukinunua usiuze, wewe ni mtu aliyebeti tu, kama walevi wote wa Naas. Nilikuwa nauza leo asubuhi. Nimefika, mlango umefungwa kwa ndani. Kumuuza kwenye soko jingine kunataka dhamana ya zaidi ya elfu hamsini, ambazo sina. Kuwanunua farasi wengine kwenye maduka ya kubeti ili nijikinge, kikomo changu ni euro mbili. Nimekaa kwenye kiti nikatazama mbio kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua ng'ambo ya mto.

Amekuwa wa nne. Hata wa pili, ningesema bahati. Wa nne.

Elfu tisa zimekwenda. Sita zako ulizifunga mwenyewe, shauri yako. Na tatu zangu je?

Malachy


Ballinasloe, 22 Machi

Malachy,

Barua zetu zimepishana, nadhani mahali fulani karibu na Athlone. Yangu umeshaisoma sasa. Yako nimeisoma mara nne.

Jumamosi nilimpelekea Noreen uthibitisho. Akafurahi. Akaniuliza amana ya elfu kumi na nne iko wapi. Alinipa kitambaa chake cha mkononi, na sikuwa nimejua kwamba nalia.

Nilikuuliza Oktoba, farasi akishindwa, je? Kama ungenijibu kwa sentensi mbili zaidi nisingefunga. Nimelisema hilo, sitalirudia. Mkono uliofunga ni wangu, na ningeweza kupanda basi mpaka Naas nikakugongea mlango. Sikupanda. Nilikuwa na haya na nilikuwa na haraka.

Hession nimemjulisha. Watu wa Athlone wanachukua. Tuna mpaka mwisho wa Juni. Mama nimemwambia benki imekataa kwa sababu ya umri wangu. Ameuliza, "Arobaini na nne ndiyo uzee?" Akaenda kupogoa waridi ambazo hatazikuta zikichanua.

Elfu tatu zako nitazilipa. Siwezi zaidi ya hamsini kwa mwezi. Naanza Aprili.

Nisamehe.

Dympna


Ballinasloe, 7 Aprili

Malachy,

Hamsini ya kwanza imo ndani. Pasaka njema.

Dympna


Naas, 12 Aprili

Dada,

Nimepokea. Ukiona vigumu si lazima iwe mwanzoni mwa mwezi.

Malachy


Ballinasloe, 4 Julai

Malachy,

Hamsini imo ndani, ya Julai.

Tumehama. Halmashauri imetupa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha mafuta. Kabati la Mama halikupita mlangoni, likakaa barabarani siku mbili kisha likaondoka na mtu. Asubuhi Mama anajiandaa, anavaa koti, anakaa kitandani, halafu anakumbuka kwamba hakuna bustani ya kwenda. Ameanza kuniita kwa jina la dada yake marehemu, mara moja moja.

Anakuulizia.

Dympna


Naas, 10 Julai

Dada,

Nimepokea. Pole kwa kabati.

Nitakuja nikipata nafasi.

Malachy


Naas, 2 Novemba

Dada Dympna,

Ndani ya bahasha hii kuna mia tatu na hamsini. Ni hamsini zako saba, Aprili mpaka Oktoba. Usizirudishe.

Jumapili nilipokuja ulikuwa umekwenda misa. Nilimkuta Mama na redio. Nilipokwenda jikoni kuchemsha maji nikaona kitanda cha kukunja nyuma ya mlango, na juu yake shati lako la kazi. Nikamuuliza Mama nani analala jikoni. Akasema, "Dympna anapenda huko, kuna joto." Niliweka mkono kwenye ukuta. Hakuna joto lolote pale.

Nimebeba kitu tangu Machi na hakibebeki tena. Nilikuambia nilikuwa nauza asubuhi ile ya Ijumaa. Ukweli ni kwamba Jumanne, siku mbili kabla hujafunga, bei ilikuwa nne kamili. Ningeuza hapo, tungekuwa na elfu kumi na nane farasi yeyote ashinde. Kumi na mbili zako, sita zangu, kila kitu kama nilivyoahidi. Nikaweka oda ya kuuza, halafu nikaiondoa. Bei ilikuwa bado inashuka. Nikajiambia ngoja ifike tatu na pointi sita, zitakuwa elfu ishirini, ili wewe upate kumi na nne mkononi bila kukopa popote. Hizo mbili za juu zilikuwa zako, Dada, Mungu ni shahidi.

Kwa hiyo si wewe uliyeiua nyumba ile. Au si wewe peke yako. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuamini upande wangu. Nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba mimi si mcheza kamari, kwamba nina nidhamu. Nidhamu yenyewe ilinishinda kwa elfu mbili.

Niambie utakavyo. Nastahili.

Malachy


Ballinasloe, 8 Novemba

Malachy,

Mia tatu na hamsini zimefika. Nimenunua hita ya Mama na kulipa deni la umeme, kwa hiyo ondoa wasiwasi, hazirudi.

Unasema uliweka oda ukaiondoa. Uliiondoa mara tano. Zile karatasi nilizoomba kwa ajili ya benki zilikuja tarehe 21 Aprili, kurasa thelathini na moja, kwa jina langu na anwani yangu, maana akaunti ilikuwa yangu. Sikuelewa kitu. Noreen alinisomea wakati wa chakula chake cha mchana, sandwichi mkononi. Jumanne saa nne asubuhi, kuuza kwa nne, imeondolewa. Jumanne saa saba, imeondolewa. Jumanne jioni. Jumatano asubuhi. Jumatano saa kumi. Noreen aliacha kula. Ulikuwa na siku mbili nzima, na mimi nilikuwa bado sijaingia benki.

Na usiseme zile mbili zilikuwa zangu. Januari nilikuandikia kwamba kumi na mbili zinatosha na kwamba chama cha akiba kimenipa zilizobaki. Uliijibu barua hiyo. Ulisema umeielewa.

Kwa hiyo nilijua. Hamsini ya kwanza nilikutumia kwa moyo mweupe, nikiamini nina deni. Sita zilizofuata nilizituma nikijua yote. Usiniulize kwa nini, kwa sababu jibu si zuri. Nilitaka kuona ni mwezi gani utazirudisha. Kila mwezi nilitoa hamsini kwenye kopo la akiba, nikasema moyoni, hii ataona haya. Mwezi wa Agosti hiyo hamsini ilikuwa viatu vyangu. Na kila mwezi barua yako ilikuja na neno lile lile, nimepokea. Nilikuwa nakubetia, Malachy, na nikawa napoteza kila mara. Sasa najua mlivyo nyinyi watu, asubuhi mnajua na jioni mnaweka tena.

Kosa langu silikani. Nilifunga akaunti bila kujua kilichomo, na nitaliona kosa hilo kila nikikunjua kitanda hiki. Lakini nililala nalo peke yangu miezi minane, na kwa miezi saba kati ya hiyo wewe ulikuwa unapokea malipo yake. Nina hasira na wewe kuliko niliyowahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata Hession. Hession alikuwa anauza cha kwake.

Mama bado anaamini ni benki. Mwache hivyo, asije akawa na wawili wa kuwahuzunikia. Anasahau mengi, lakini wewe hakusahau. Kila mlango ukigongwa anauliza kama ni Malachy.

Njoo umwone. Jumatatu au Alhamisi, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili. Saa hizo mimi niko kazini.

Dympna